Ngata ya Alumini ya Mzee Gaudensi

Mimi mdomo wangu hauna breki, na Ifakara nzima inalijua hilo. Ukiniletea mota ya mashine ya kukoboa mpunga imeungua kwa sababu uliibebesha kazi kupita kiasi, nitakusema mpaka utafute pa kutokea, halafu nitaisuka upya na utaondoka nayo inanguruma kama ya dukani. Naitwa Tekla. Huu ni mwaka wa kumi na tisa nasuka mota, na hakuna iliyorudi. Sijisifu, natoa taarifa.

Lakini habari hii ni ya jirani yangu, Mzee Gaudensi, fundi bati. Karakana yake na yangu zinatenganishwa na ukuta mmoja wa mabati, kwa hiyo akipiga nyundo upande wake, kikombe changu cha chai kinatembea mezani upande wangu. Ni Mndamba wa kijiji cha Mbingu. Kukata bati alijifunza kwa mjomba wake kule Mlimba, reli ilipokuwa bado mpya, kisha akahamia Ifakara na mke wake, marehemu Balbina, na nyundo tatu. Kwa nyundo hizo amesomesha watoto wanne. Kuanzia Mang'ula mpaka Mlimba, ukiingia jikoni mwa mtu ukakuta sufuria la alumini limepikia misiba na harusi miaka kumi na bado halijatoboka, uliza lilikotoka. Utatajiwa yeye.

Usidhani ni mzee mpole. Siku moja mfanyabiashara alimletea bati jembamba atengenezewe kihenge cha kuhifadhia mpunga. Mzee akalishika kwa vidole viwili, akalitikisa, bati likalia wee-wee-wee. "Hili kafungie karanga," akamwambia, akarudi kunywa uji wake. Yule bwana alisimama pale akikodoa macho, mwisho akaondoka na bati lake kichwani.

Mwaka juzi ndipo nilipogundua lile jambo. Nilikuwa nimetundika koti langu la mvua kwenye msumari wa mlangoni kwake ili likauke. Mzee akatoka ndani, akasimama mbele ya koti, akasema, "Karibu mama, umesubiri sana?" Weee! Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka. Alisogea, akaligusa lile koti, akajua ni koti, akabaki amelishika tu mkononi. Hapo kicheko changu kikakatika.

Ilikuwa presha ya macho. Daktari alishamwambia kwamba kilichopotea hakirudi, na dawa ya matone ni ya kulinda kile kidogo kilichobaki. Mwenyewe alinieleza kwamba anaona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba, tena bomba lenye moshi. Waliojua walikuwa wawili tu, mimi na mtoto wake wa kwanza, Sylvanus. "Tekla," akaniambia, "hili lifungie humo humo. Mteja akijua fundi haoni, haleti bati." Nikalifungia. Mimi huyu huyu nikakaa na siri ya mtu bila kuitema, hata mwenyewe nikajishangaa.

Sylvanus ni mfanyabiashara wa mchele Mlimba. Ni kijana mwema, na hilo nalisema mapema ili usije ukamchukia. Mwaka jana mwezi wa kwanza alikuja kumsalimia baba yake akamkuta kidole gumba kimefungwa kitambaa chenye damu. Mkasi wa bati ulikuwa umempitia. Yule kijana alikaa kwenye debe la baba yake akashika kichwa.

"Baba, basi," akasema. "Twende Mlimba. Chumba kipo, kochi lipo, wajukuu wapo."

"Kochi nitalifanya nini?"

"Utakaa, baba."

"Nikimaliza kukaa?"

Sylvanus akanigeukia mimi. "Dada Tekla, hebu niambie. Siku mkasi ukipita mkononi, nani atakuwa amemuua? Si mimi niliyemwacha hapa?" Nikachukua kitambaa safi nikaanza kumfunga mzee kidole upya. Aliondoka akisema mwaka hautaisha kabla hajamchukua baba yake.

Wiki mbili baadaye akaja mwalimu Edna. Huyu anafundisha fizikia kwenye sekondari moja hapa mjini, binti mwembamba mwenye sauti ya kumwita mwanafunzi aliye ng'ambo ya mto. Alikuwa na karatasi yenye mchoro. Anataka, akasema, kutengeneza koili ya Tesla kwa ajili ya siku ya sayansi ya shule, mwezi wa tano.

"Inafanya nini hiyo?" Mzee Gaudensi akauliza.

"Inatoa radi ndogo, mzee. Ya ndani ya nyumba."

"Na za nje hazijawatosha?"

Tukacheka wote, maana masika ya bonde hili kila mtu anayajua. Lakini Edna alikuwa na lake. Alisema wanafunzi wake wengi bado wanaambiwa nyumbani kwamba radi inatumwa na mtu mbaya. "Nataka waione inatoka kwenye waya na bati," akasema, "na waya huo na bati hilo viwe vimetengenezwa na watu wanaowaona kila siku sokoni. Siyo kitu kilichoshuka kutoka Ulaya kwenye boksi."

Mashine yenyewe ukiielewa haitishi. Chini kuna transfoma ya taa za mabango, ambayo Edna aliipata Morogoro mjini, na safu ya chupa za bia zilizojaa maji ya chumvi, ndizo zinazoweka akiba ya umeme. Katikati linasimama bomba lililosukwa waya mwembamba wa shaba, mizunguko elfu moja. Juu kabisa kinakaa kitu cha mviringo cha alumini. Umeme unapanda kwenye waya, unakusanyika pale juu, na ukijaa unaruka hewani. Bomba na waya ni kazi yangu. Kile cha juu kilikuwa cha mzee.

Edna akamnyoshea karatasi. Mzee akaipokea, akaigeuza kidogo, akamrudishia. "Mimi na karatasi hatuelewani, mwalimu. Nieleze kwa mdomo."

"Ni duara, nene, limeviringana pande zote, na katikati lina tundu..."

"Ngata," mzee akamkatiza. "Ile wanayoweka wanawake kichwani kabla ya ndoo. Unataka ngata ya alumini."

Edna alifurahi nusura arukeruke. Basi toka siku hiyo tukaiita ngata, na jina alilokuja nalo mwalimu likabaki kwenye karatasi yake. Kisha akatoa onyo. Ngata lazima iwe laini kabisa. Pakiwa na kikwaruzo, pakiwa na ncha hata ya unene wa unywele, umeme utavujia hapo hapo, na kwa kuwa ukumbi utatiwa giza, kila mtu ataona mwanga wa zambarau mahali penye kosa.

Nikamtazama mzee nikitegemea atatafuta kisingizio. Alikuwa anatabasamu.

"Kwa hiyo hiyo mashine ni mkaguzi," akasema. "Inamulika kosa la fundi mbele za watu."

"Ndiyo, mzee."

"Nimeikubali."

Jioni ile ile aliniomba nimpigie Sylvanus simu, na mazungumzo yao niliyasikia neno kwa neno kwa sababu mzee akiongea na simu anapiga kelele. "Sikiliza. Nina kazi moja ya shule. Uje uione. Nikikosea, nachukua nyundo zangu tunapanda treni pamoja, nakuja kukalia kochi lako mpaka nife. Nisipokosea, usinitajie tena kochi. Umenielewa?" Sylvanus akaelewa. Nadhani alikubali kwa sababu alijua atashinda.

Tukaanza kazi. Nianze na aibu yangu ya kwanza, maana ziko mbili. Bomba la kwanza sikutafuta bomba, nilikata mwanzi mnene. Nilijiambia mwanzi haupitishi umeme, kila mtoto anajua. Lakini ulikuwa mwezi wa tatu, hewa yenyewe unaweza kuikamua, na ule mwanzi ulikuwa umekunywa maji kama ng'ombe. Nilipoujaribu kwenye umeme mdogo tu, ukatoa moshi na mstari mweusi toka juu mpaka chini. Mzee alinusa upande wa pili wa ukuta. "Tekla, unachoma samaki?"

Nikaenda kwa fundi bomba nikachukua kipande cha plastiki ya kijivu, ile ya maji machafu, inchi nne. Hapo sasa nilifanya kazi kama ninavyojijua. Nikalisugua kwa msasa mpaka maandishi ya kiwandani yakafutika, nikaliosha, nikalianika juani siku nne, usiku naliingiza ndani karibu na jiko. Nikalipaka vanishi ndani na nje lisije nalo likanywa unyevu. Ndani yake sikuweka hata skrubu moja, maana chuma ndani ya koili ni mchawi. Vizibo vya pembeni nikachonga vya plastiki na kuvibandika kwa gundi.

Kusuka, nililifunga bomba kwenye mhimili nikauunganisha na miguu ya cherehani la zamani, nikawa nakanyaga taratibu na waya unajilaza wenyewe, mzunguko kando ya mzunguko, bila nafasi na bila kupandana. Hesabu niliishika kwa rozari. Kila mizunguko kumi nasogeza punje moja ya Salamu Maria. Makumi matano yakiisha nimepata mia tano, nikirudia nimepata elfu. Mzee alichungulia mlangoni.

"Unasali au unasuka?"

"Vyote viwili."

"Basi niombee bati."

Ilinichukua siku nzima, sikuinuka hata kunywa maji. Mwishoni nikamalizia kama ninavyomalizia kila mota. Fundi mota mwenye adabu hakati waya ukaishia hapo. Anaacha mkia wa shubiri moja, anausokota, anaufunga kwa uzi wa pamba, ili fundi atakayekuja kufungua asihangaike kutafuta pa kuanzia. Nilitoa tawi moja la waya la kwenda kwenye ngata, na mkia nikauacha pale juu ya bomba umesimama vizuri. Nikaupaka vanishi. Nilitamani niupige picha.

Sasa mzee. Siku ya kukata alifunga mlango, na nilisikia mkasi, kisha kimya, kisha mkasi tena, tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Sikuuliza. Siku ya kufua alifungua, na hapo niliacha kazi zangu nikakaa kumtazama. Alikuwa amechonga gogo la mti mgumu likawa na mfereji wa duara. Alumini aliipaka sabuni ya mche, akaipitisha juu ya mkaa, akawa anasubiri huku pua iko juu. Fundi mwingine hutazama sabuni igeuke nyeusi ndipo ajue bati limelainika. Yeye alingoja harufu. "Ikinukia kama ugali ulioshika chini," akaniambia, "toa." Akaitoa, akailaza kwenye mfereji, akaanza kuigonga kwa nyundo ya mbao, kidogo kidogo, akizungusha. Alipasha moto tena, akagonga tena, mpaka bati likakubali kuinama. Akapata nusu ya kwanza. Akarudia nusu ya pili.

Kwenye sufuria, ukingo anaukunja juu ya waya ili uwe imara. Hapa hakukunja. Alizikutanisha nusu mbili ukingo kwa ukingo, akazishika kwa vipande vya ndani, akapiga tupa, akapiga msasa wa kwanza na wa pili na wa tatu, kisha akasugua kwa majivu ya pumba za mpunga yaliyochekechwa, siku tano nzima. Kila alipomaliza kusugua alikunja mkono wa shati na kuipitisha ngata kwenye ngozi laini ya ndani ya mkono, karibu na kifundo.

"Kwa nini siyo kiganja?" nikamwuliza.

"Kiganja changu kilishakufa zamani, kimekuwa kwato. Ngozi ya hapa bado ni ya mtoto. Hapa ndipo ninapoona."

Siku ya sayansi ikafika kabla hatujajaribu mashine hata mara moja, maana mvua ilikuwa imeangusha nguzo na umeme ulirudi asubuhi hiyo hiyo. Bwalo la shule lilijaa. Madirisha yalizibwa kwa maturubai ya kuanikia mpunga. Wazazi walikuja, wateja wangu wenye mashine walikuja, akina mama wa sokoni walikuja kuona radi ya Gaudensi. Sylvanus alishuka kwenye treni amevaa shati jeupe, akakaa mstari wa mbele kando ya baba yake. Mzee alikuwa amevaa koti la harusi. Alikaa wima, mikono juu ya magoti.

Edna akawaonya watoto wasisogee, akawasha.

Ikalia trrrr kama cherehani la chuma. Juu ya ngata hapakutoka kitu. Ila chini yake, pale inapokaa juu ya bomba, ukachipuka mwanga wa zambarau, ukatawanyika kama ufagio, ukaanza kupasuka tas-tas-tas ukiteremka kwenye waya wangu. Watu wakaguna. Wanafunzi wa nyuma wakacheka. Edna akazima, akagusa juu kwa fimbo ndefu yenye waya uliozikwa ardhini ili umeme uliobaki uishe.

Na mimi hapo mdomo ukanitangulia. "Ni bati hilo!" nikasema kwa sauti ya bwalo zima. "Kuna ncha chini ya ngata."

Mzee Gaudensi akainuka. Sylvanus alimshika mkono, mzee akauondoa. Akaja polepole mpaka kwenye mashine, akauliza, "Mwalimu, imekufa?" Akaambiwa imekufa. Akakunja mkono wa koti la harusi, akaizungushia ngata ile ngozi yake ya ndani, juu, ubavuni, chini mpaka alipoweza kufika. Akasimama.

"Tekla, bati langu ni safi."

"Si safi, mzee. Wote tumeona mwanga."

"Nakuambia ni safi."

"Utajuaje," nikasema, "na wewe huoni?"

Jamani. Neno likishatoka huwezi kulifuata ukalirudisha. Nilimsikia mama mmoja wa sokoni akinong'ona, "Haoni? Gaudensi haoni?" na nong'ono likaenda mstari kwa mstari mpaka mlangoni. Mzee alikunjua mkono wa koti, akafunga kifungo, akakosa tundu, akarudia. Sylvanus akaja akamshika bega, safari hii mzee hakuuondoa ule mkono, wakatoka nje wawili.

Edna aliniuliza tufanye nini. Nikamwambia awashe kidogo nisogee kutazama kasoro iko wapi, nikijitia fundi. Akawasha. Nikainama pembeni, mbali kiasi, nikaangalia chini ya ngata. Alumini ilikuwa nyeusi giza tupu, pande zote. Mwanga ulikuwa unatoka kwenye mkia wangu, ule wa shubiri moja, uliosokotwa na kufungwa uzi, umesimama nje ya bomba na ncha yake imeelekea watu. Kwenye mota ule mkia ni heshima. Hapa ulikuwa ndio ncha yenyewe, na kwa macho yangu mazima haya nilikuwa nimeutazama nikatamani kuupiga picha.

Edna akazima, akagusa kwa fimbo. Nikatoa koleo mfukoni, nikaukata mkia, nikaulaza waya uliobaki na kuufunika kwa gundi na utepe. Hakuna aliyeona. Giza lilikuwepo. Edna akawasha tena, na mama yangu! Radi ikaruka kutoka ubavuni mwa ngata mpaka kwenye nguzo ya chuma, urefu wa mkono wangu, nyeupe, inanguruma. Watoto walipiga kelele mpaka maturubai yakatikisika. "Tekla! Tekla!" wakawa wanaita. Edna akashika kipaza sauti, machozi yanamlenga, akasema tumpigie makofi fundi Tekla kwa kuigundua kasoro ya bati.

Nikapigiwa makofi. Mkononi nimefumba kile kipande cha waya, na kinanichoma. Nilijiambia nitamwambia mzee baadaye, faragha, kama watu wazima. Halafu nikajisikia kinyaa. Mwenzangu nimemvua nguo hadharani, mimi nataka kuvua zangu chumbani? Nikamnyang'anya Edna kipaza sauti.

"Acheni makofi," nikasema. "Kosa ni langu. Huu hapa mkia wa waya, niliuacha mimi, nimeukata sasa hivi kwa siri. Bati la Mzee Gaudensi halina kasoro. Nimesema uongo mbele yenu, na nimemtusi mbele yenu. Mwalimu, washa tena, na nyie wenye macho niambieni kama kuna mahali ngata inavuja." Edna akawasha. Mamia ya macho yakatafuta. Hapakuwa na mahali panapovuja, ilikuwa ile radi moja tu inayoruka kuifuata nguzo.

Nikatoka mbio. Nje walikuwa wameshapanda bajaji ya kwenda stesheni. Nikasimama mbele ya tairi, nikamwonyesha Sylvanus ule waya, nikasema yote. Dereva alizima injini ili asikie vizuri. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Sylvanus, umesikia?"

"Nimesikia, baba."

"Nilisema nikikosea. Nimekosea?"

"Hujakosea, baba." Kijana alikuwa ametazama chini. "Lakini mji mzima sasa unajua huoni. Nani atakuletea kazi?"

Mzee alishuka kwenye bajaji, akipapasa ardhi kwa mguu. "Hilo sikulifanya mimi," akasema. Hakunitazama. Wakakubaliana pale pale kwamba akae mpaka mwisho wa mwezi. Asipopata kazi hata moja, Sylvanus atarudi kumchukua, na hapo hapatakuwa na maneno.

Zilikuwa wiki mbaya. Upande wa pili wa ukuta nyundo ilikaa kimya na kikombe changu hakikutembea. Kila asubuhi nilipita mlangoni, "Shikamoo mzee." "Marahaba." Basi. Wateja wangu walinong'ona, eti ni kweli haoni? "Haoni," nikawajibu, "na ile ngata aliitengeneza haoni hivyo hivyo. Wewe unayeona, hebu tengeneza moja tuitazame." Walicheka, lakini hakuna aliyevuka kwenda kwake. Nilikuwa nalala vibaya. Nilimuua yule mzee kwa mdomo wangu, na hakuna kanisa lililokuwa na kitubio cha kutosha.

Siku ya mwisho ya mwezi, asubuhi, akaja Stefania, yule mama anayepikia harusi. Bajaji ilimshushia karatasi kubwa la alumini nzito. Akasimama katikati ya milango yetu miwili akitazama huku na huku, anaona haya kuingia na anaona haya kuondoka. Nikafungua mdomo nimsukume, nikaufunga. Mzee Gaudensi alikuwa ameshatoka.

"Nani hapo?"

"Stefania, baba. Shikamoo. Nataka sufuria la kilo hamsini, sijui kama..."

"Marahaba. Sioni," mzee akasema, kwa sauti ile ile anayoongelea na simu, barabara yote ikasikia. "Macho yamekwenda. Kufua nafua, kukunja nakunja. Mstari wa kukatia ndio siuoni." Akageuka akapiga ukuta wa mabati kwa kiganja, kikombe changu kikaruka. "Tekla! Ile ngata ya shule niliharibu karatasi tatu za alumini nimejifungia mlango, naona aibu kukuita wewe uliye hapa hapa. Njoo unichoree mstari. Na uukwaruze kwa nguvu, nataka kuufuata kwa kidole."

Nilikwenda na msumari. Nikapiga magoti juu ya lile karatasi nikachora duara mpaka jasho likanidondoka kwenye alumini, naye anakuja nyuma yangu na kidole, anasema, "Hapa umepinda, rudia," nami narudia bila neno hata moja. Alikuwa ameshaingiza mkasi simu yake ilipolia juu ya benchi.

"Pokea wewe," akasema. "Mikono haina nafasi."

Alikuwa Sylvanus, yuko stesheni ya Mlimba, treni imekaribia. Nikamwambia baba yake ana kazi.

"Anakata nani?" akauliza.

"Anakata yeye."

"Na mstari?"

"Nachora mimi."

Nikawa nasikia watu wa stesheni wakihangaika na mizigo yao. Kisha akasema basi anarudi nyumbani, na akanisihi nisiondoke hapo mpaka baba yake amalize kukata.